Koti Nililolitoa Pipani

Mke wangu tumemzika Dundori, na kuna jambo ambalo sikumwambia.

Miaka ya hamsini nilikuwa mfagiaji katika maabara ya mifugo nje ya Nakuru. Kondoo wa Mau Narok walidungwa sindano za iodini yenye mionzi, kisha wakapimwa shingoni, inakokusanyika. Ijumaa moja chupa ya iodini hiyo ilianguka ikapasuka, maji yake yakanirukia kotini. Nikafanya nilivyozoea: nikachukua ndoo nipige deki.

"We! Simama hapo hapo!" mzee msimamizi akafoka. "Unadhani ni uji umemwagika? Ukipiga deki utaitembeza mpaka mlangoni."

Alitandaza karatasi za kunyonya wino, akafuta kutoka pembeni kuja katikati, polepole, kisha akapitisha mashine yake ya kupimia mionzi sakafuni. Ililia kama bisi zinazopasuka. Viatu vyangu vikatiwa kwenye pipa lenye kifuniko.

"Koti nalo. Likae miezi mitatu, sumu ipoe yenyewe."

Koti la kazi nilikuwa nalo moja tu, na Jumatatu mfagiaji asiye na koti safi alirudishwa getini. Mzee alipotoka kumwita daktari wa mifugo, nikalitoa pipani, nikalikunja kwapani, nikaenda nyumbani miguu mitupu.

Jumamosi ndiyo wake wa laini yetu, safu ya nyumba za wafanyakazi, walifua makoti bombani, wakishindana la nani litang'aa zaidi. Wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza.

"Wewe, jana ulilala zizini?" akanitania, akilisugua lile koti kwa viganja. Nilikaa mlangoni nikamtazama mpaka akaanika.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akaishi siku nne.

"Nilikwambia uache kubeba kuni," mama mkwe wangu akamlaumu binti yake.

"Ni kuni, mama. Ni mimi." Kisha akanitazama, kama anayeomba msamaha.

Sijui kama ni lile koti. Daktari niliyemuuliza uzeeni alisema hawezi kujua. Watoto wengi walizaliwa mapema, wakafa. Sitajidai kujua kumzidi. Lakini baada ya hapo, kila aliposhika mimba, mke wangu aliogopa kuinua hata ndoo, akawa anawaeleza majirani kwa aibu kwamba aliwahi kuua mtoto kwa ukaidi. Kuni nilibeba mimi. Watu wa laini wakanisifu kwamba ni mume mwema. Naye alinisifu, hadi wiki aliyokufa.