Kihindi cha Jikoni

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, binti yangu alikuwa anachezea rimoti, akasimama kwenye sinema moja ya Kihindi ya zamani. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Mchele ukiuchambua mara moja tu utakuvunja jino, kwa hiyo nilikuwa kwenye mzunguko wa pili. Mara nikasikia filimbi ya mwanzo, ile inayopanda halafu inakatika kama mtu aliyeitwa na mwenzake. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Mama, hata haijaanza, unalia nini?"

"Vumbi la mchele," nikasema.

Nikwambie ukweli, mwenzangu, mimi si mtu wa sinema. Mimi ni mtu wa vitenge, nina meza yangu pale sokoni Nyamagana, na sinema naiangalia kama ninavyoangalia mzigo mpya: naifungua, naigeuza, nahesabu. Hizi za siku hizi nimeshazihesabu. Nyimbo mbili, ukibahatika tatu, na hizo zinaimbwa huku gari linakwenda na hakuna mdomo unaofunguka. Zamani zilikuwa nyimbo sita, na ndani ya wimbo mmoja dada anabadilisha sari tisa, na begi hujaliona. Stelingi wa zamani alikuwa na kitambi chake kidogo, lakini anapiga watu kumi na mmoja na nywele zimekaa palepale. Wa leo ana kifua kama mlango wa benki, anampiga mmoja, halafu anapokea simu.

Hayo ningeyavumilia. Ninachoshindwa kusamehe ni kwamba wamemwondoa mama. Nimemtafuta. Sinema ya zamani lazima iwe na mama mwenye sari nyeupe na kikohozi, na mtoto aliyempotea kwenye treni au kwenye mafuriko. Za leo watu wanakaa ghorofani, wana mbwa, wana mashine ya kahawa, na hawana mama. Nilimuuliza binti yangu, akasema labda anakaa kijijini.

Tulikuwa tunakaa hukuhuku Pasiansi, nyumba ya kupanga, vyumba sita na choo kimoja, nyuma yake majabali makubwa ambayo kila asubuhi wanawake walianika dagaa juu yake. Ukitaka kunikumbusha utoto, niletee harufu hiyo ya dagaa wanaokauka, na kelele za kunguru wanaongoja ugeuke. Kazi yangu mimi ilikuwa kutogeuka. Nilikaa na fimbo, nahesabu kunguru, na bibi yangu mzaa baba alikaa kivulini akitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, alivyokuja navyo kutoka Magu ndani ya gunia.

Bibi alikuja kwetu kumsubiri mtu. Baba mdogo, mwanawe wa mwisho, alikuwa ameondoka kwenda machimboni kutafuta dhahabu. Aliondokea nyumba hii, kwa hiyo bibi alisema atarudia nyumba hii. Kila msimu wa mpunga baba alimbembeleza arudi Magu, mashamba yanamwita. "Akija akute nani?" bibi alijibu. Huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo.

Jirani yetu wa chumba cha tatu, mama mmoja, alikuwa amepika miaka mingi kwenye nyumba ya Wahindi mjini, Wahindu wasiokula hata yai. Familia ile ilipohamia ng'ambo ilimwachia televisheni, deki na mikanda minne. Minne, nimeihesabu mara nyingi kuliko vidole vyangu. Kila Jumamosi saa tisa mchana alifungua mlango wake, wanawake na watoto tukaingia na vigoda vyetu. Kiingilio hakikuwepo, ila kila mtu aje na cha kutafuna. Karanga, mihogo, na michembe ya bibi, ambayo sinema ikinyamaza ilisikika chumba kizima.

Hakuna aliyejua Kihindi isipokuwa jirani. Alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, mwiko mkononi, akawaonyesha waigizaji kwa mwiko kama mwalimu wa jiografia, na kutueleza kila linalosemwa. Na alieleza, mwenzangu! Stelingi akifungua mdomo mara mbili, jirani alitema hotuba. Nilikuwa na miaka kumi, lakini kuhesabu nilishaanza.

"Mbona yeye kasema maneno matatu, wewe umesema ishirini?"

"Kihindi kinabana, mwanangu. Kinafungashwa. Kazi yangu ni kufungua."

Niliona na mengine. Yule mwenye masharubu, mkanda uleule, Jumamosi moja alikuwa mkuu wa polisi, Jumamosi iliyofuata akawa shemeji. Na watu wote wa kwenye sinema zile walijali sana mapishi. Tajiri akimfukuza maskini alimwambia, "Toka, hata chumvi yangu usionje tena." Kijana akimtongoza binti alimwambia moto wake upunguzwe kidogo. Wanawake walipiga makofi. Bibi peke yake hakucheka. Bibi alikuwa na mkanda wake mmoja kati ya ile minne, ule wa mtoto aliyepotea, na kila ulipowekwa aliuliza swali lilelile.

"Huyu kijana, atarudi?"

"Atarudi, bibi. Hapo anasema yuko njiani."

Mwishoni mwa mkanda ule kijana anafika, mama yake kalala kwenye mkeka na maua shingoni. Jirani alisema, "Kalala. Kachoka kusubiri, si unajua. Ataamka." Kisha alikimbilia kuzima deki.

Siku moja mama alinituma mjini kununua uzi, kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi. Wakati anapima nikamsimulia ile sinema. Mzee akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Hapana, binti. Mama yule anakufa. Kijana anafika, mama ameshakwenda. Nani kakwambia kalala?"

Nikamtaja jirani, na nyumba aliyopika. Akacheka tena. "Nyumba ile walikuwa Wagujarati kama mimi. Nyumbani tunasema Kigujarati. Kihindi sisi wenyewe tulijifunza kwenye sinema."

Nilirudi Pasiansi kama mtu aliyegundua mizani ya jirani yake imechezewa. Nilimkuta anasukuma chapati.

"Shikamoo."

"Marahaba. Leo Jumatano, hakuna sinema."

"Mama wa kwenye sinema anakufa. Na wewe hujui Kihindi. Unajua Kigujarati."

Kijiti cha kusukumia kikasimama. Akafuta unga mikononi.

"Hata hicho sikijui chote," akasema. "Najua cha jikoni. Leta maji. Punguza moto. Chumvi imezidi. Miaka yote ile hakuna aliyeniambia neno lingine."

"Namwambia bibi."

"Kamwambie. Na akimaliza kukusikiliza atakuuliza wa kwake yuko wapi. Hapo napo umwambie. Wewe unajua aliko?"

Sikujua. Chapati iliyokuwa motoni ikaanza kuungua. Ningeweza kuondoka. Lakini harufu ile, na mimi ni mimi.

"Chapati tatu," nikasema. "Kila Jumamosi."

"Moja."

"Mbili, na ziwe za moto."

"We mtoto wewe, ukikua utauza nini?" Akanipa mbili, nikazihesabu, nikahesabu tena, nikaondoka na siri yangu. Hiyo ndiyo biashara yangu ya kwanza duniani, na sijawahi kuuza kitu kizito vile kwa chapati.

Mvua za masika zilipoanza, watu waliorudi kutoka machimboni walisema shimo limeporomoka, majina hayajulikani. Baba alikwenda kutafuta. Alikaa wiki nzima, akarudi na viatu vimejaa tope jekundu na bila jibu. Hakumwona mdogo wake kati ya walio hai, hakumwona kati ya waliofukuliwa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda kugeuza dagaa.

Jumamosi hiyo tulidhani hatakuja. Alikuja saa tisa kamili, na kigoda chake. Jirani akauliza tuangalie upi, akiwa ameshaushika ule wa ngumi. Bibi akanyoosha kidole kwenye ule wa mtoto aliyepotea. Hakuna aliyetafuna kitu siku ile. Jirani alitafsiri vizuri kuliko siku zote, kwa sauti ya chini, mpaka kijana akasukuma mlango na kumwona mama yake kwenye mkeka. Hapo mwiko ukashuka mapajani. Kijana akasema jambo.

"Anasema nini?" bibi akauliza.

Jirani alikuwa analia, kageukia ukutani. Wanawake walitazama sakafu.

"Anasema nini mtoto huyo?"

"Anasema mama, nimefika," nikajisikia nasema mimi. "Anasema nimechelewa, daraja lilikatika, tumelala njiani siku nyingi. Anasema nimekuletea kitenge. Anasema nitaezeka bati. Na mama anasema, sawa mwanangu, nimekusikia, ngoja nilale kidogo."

Kwenye skrini mama hakutikisa hata ukope. Bibi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayepokea salamu. Wakati wa kutoka jirani alinipa rundo la chapati za moto. Sikuzihesabu. Zilipoa mkononi mwangu, nikazirusha kwa kunguru.

Baba mdogo hakurudi. Bibi hakurudi Magu. Mwaka wake wa mwisho nilikuwa msichana mkubwa, namwogesha mimi, na siku moja nikiwa namkausha miguu aliniambia bila mimi kumuuliza.

"Yule mama alikufa."

"Yupi, bibi?"

"Wa kwenye sinema. Mtu aliyelala hawekewi pamba puani. Mimi nimezika watu wangapi?"

Nikashusha taulo. "Sasa mbona ulikuwa unatuuliza?"

"Jirani alikuwa anajitahidi sana," akasema. "Na wewe siku ile ulijitahidi. Mguu huu bado una maji."

Jirani naye alikwisha kuondoka. Nyumba ile imebomolewa, pamejengwa nyumba ya wageni yenye vigae, na juu ya majabali wamefunga matangi ya maji. Yule mzee alifunga duka. Mikanda minne sijui ilikwenda wapi. Sasa kuna vijana wanatafsiri sinema kwa kuongea juu yake, wanachekesha, nao hawajui kwamba mwanzilishi wao alikuwa mama mmoja na mwiko. Na kuna hizi zenye maandishi ya Kiswahili chini, safi, neno kwa neno, kama risiti.

Ndiyo hiyo aliyoifungua binti yangu Jumapili. Ilikuwa yenyewe, ile ya mtoto aliyepotea. Niliacha ungo, nikakaa chini mbele ya televisheni kama zamani. Mwenye masharubu, kumbe, alikuwa mwalimu. Mambo ya chumvi hayakuwepo kabisa. Tukaenda hivyo mpaka kijana akasukuma mlango, na mama yule kwenye mkeka, na pamba ile. Miaka yote nilijiuliza alisema nini hasa. Alifungua mdomo, maandishi yakatokea chini, nikayasoma.

Mama, nimechelewa.

Maneno mawili. Nikayahesabu tena. Katika uongo wangu wote wa siku ile, hayo mawili yalikuwa ya kweli, na niliyapata bila kujua.

"Mama," binti yangu akasema, sauti imebadilika. "Mbona mama yake hamjibu?"

"Anamjibu. Maandishi hayajaweka. Anamwambia, sawa mwanangu, nimekusikia. Anamwambia hicho kitenge kiweke hapo, nitakiangalia nikiamka."

Alinitazama, akatazama skrini, akanitazama tena. Huyu naye anahesabu mara mbili.

"Kwani wewe unajua Kihindi?"

"Najua cha jikoni," nikasema, nikavuta ungo wangu.