Giga Kumi na Mbili za Polikarp

Polikarp wa Bombambili, fundi redio na mwenye banda la gemu, alikuwa mtu mwema kabisa mpaka utaje jina la shemeji yake. Hapo uso ulikunjamana. Bahati mbaya jina hilo lilitajwa nyumbani kwake kila siku, maana Lukresia, mkewe, alizaliwa tumbo moja na huyo Tadei, na hakuchoka kumsifu. Kaka amefanya hivi, kaka amesema vile. Polikarp alikuwa akitafuna ugali huku akiombea mada ibadilike.

Wote wawili walicheza gemu ya mpira, wakarekodi mechi zao na kuziweka mtandaoni. Video za Tadei, za kule Ruhuwiko, zilikuwa nyepesi na bado zinang'aa. Hata ndugu wa Madaba, ambako mtandao huja na kuondoka, walizifungua bila kuhangaika. Za Polikarp zilikuwa mizigo. Alirekodi kwa kiwango cha juu kuliko vyote, kisha akakaa anatazama zikipanda mtandaoni asilimia moja moja mpaka bando linakata. Alijiambia Tadei ana kompyuta bora. Uongo mtupu, zilikuwa za aina moja, walinunua siku moja. Ule ulikuwa wivu, na tusiupake rangi.

Basi Jumatano moja, katika fainali ya ligi ya gemu ya Songea, Polikarp akamfunga Tadei tatu kwa mbili. Jamani, miaka minne alikuwa akifungwa yeye! Mechi ilichezwa bandani kwake, na Beda, mwenyekiti wa ligi, alikuwa msibani Namtumbo. Sheria yao ilijulikana: mwenyekiti asipokuwepo, mshindi hutuma video ya mechi nzima, faili lisizidi giga moja, kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Asipotuma, mechi haihesabiki, na bingwa wa zamani ndiye anayekwenda Mbeya kuwakilisha mji kwenye mashindano. Bingwa wa zamani ni nani? Tadei.

Faili la Polikarp lilikuwa na giga kumi na mbili.

Tadei hakuondoka bandani bila kuuliza. "Shemeji, niachie nikubanie hiyo video. Ni kazi ya saa moja tu."

Polikarp akamjibu kwamba ana njia zake. Moyoni alisema, huyu anataka kuniharibia ili aende yeye. Na hata kama hana nia hiyo, kesho Lukresia atasema nini? Kaka ndiye aliyekuokoa. Bora nife na giga zangu.

Njia zake ni ule ujanja ambao Bombambili nzima inaujua: ukitaka video iwe ndogo, mtumie mtu kwa WhatsApp, itapungua yenyewe. Siku ya Ijumaa Polikarp akaikata mechi vipande, akavituma kwenye simu ya mkewe, akavirudisha kwake, akaona bado vimezidi, akavituma tena. Mwisho akaviunga. Megabaiti mia mbili! Akapiga makofi peke yake. Lukresia alitazama simu yake, akauliza mbona wachezaji wamekuwa kama madoa ya mafuta. Akaambiwa aache kuleta mikosi, apike. Jioni ile ile Polikarp akaituma kwa Beda, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, akafuta lile faili la kwanza. Alilala usingizi mzuri.

Jumamosi saa nne asubuhi Beda akapiga simu.

"Polikarp, hapa naona majani na vivuli. Namba za magoli hazisomeki. Nitajuaje aliyeshinda?"

Polikarp akakimbilia kompyuta kana kwamba faili lililofutwa lingemhurumia. Hakuna kitu. Akakaa sakafuni katikati ya redio mbovu, mikono kichwani. Lukresia akasimama mlangoni, akafuta mikono kwenye khanga, akasema ile ya kwanza aliinakili kwenye flashi kabla haijafutwa. Iko Ruhuwiko kwa kaka yake tangu jana.

Mtu mwingine angemkumbatia. Polikarp aliona amenaswa. Ushindi wake wote, miaka minne ya kungoja, ulikuwa mfukoni mwa Tadei! Akasimama, akaketi, akasimama tena. Saa tano ikapita. Hatimaye akapiga.

Tadei alipokea kwa furaha kama kawaida yake, na hiyo furaha nayo ilimuudhi. Akaeleza bila kuulizwa kwamba hakupunguza ukubwa wa picha hata kidogo. Programu yake huyaacha majani ya uwanja yasiyobadilika, haiyaandiki upya kila mara, inahifadhi yale yanayosogea. Ndiyo maana faili limeshuka mpaka megabaiti mia tisa na picha imebaki safi.

"Lilikuwa tayari tangu jana, shemeji," akasema. "Nilikuwa nangoja neno lako tu, maana mshindi ni wewe."

Polikarp akatazama saa. "Tuma," akasema.

Saa sita kasoro Beda akapiga tena. Hongera, bingwa. Goli la tatu limeonekana mpaka kamba za viatu. Halafu akauliza ni nani fundi aliyeibana video namna ile, maana kule Mbeya kila mji unatakiwa kutuma mechi zake, na nafasi ya msaidizi ipo wazi. Polikarp akajaribu kuuliza habari za msibani, Beda akarudia swali. Ndipo akalitaja jina.

Siku ya safari Lukresia alifunga chakula katika vyombo viwili, cha bingwa na cha msaidizi wake. Polikarp alisubiri atoke kwenda kuchota maji, akafunua vyote viwili. Paja la kuku lilikuwa kwenye chombo cha kaka.