Maji ya Mwisho Si Yetu

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa kuni, kabla nguzo za umeme hazijafika kijijini kwetu, nilijua kwamba mikoko ina wenyewe. Sisemi serikali, serikali ilikuja baadaye na mabango yake. Wenyewe ni wale wasioonekana, wanaokaa kwenye mizizi kule Ruvuma inakokutana na bahari. Bibi, mama yake baba, aliwazungumzia kama mtu anavyozungumzia majirani wagumu: huna haja ya kuwazoea, lakini usithubutu kuwadhulumu.

Kila kiangazi wanawake wa kwetu walikwenda jangwani kupika chumvi. Jangwa ni lile tambarare jeupe nyuma ya mikoko, ambalo maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, hulifunika, kisha hurudi na kuliacha limeota chumvi. Walikwangua udongo wa juu kwa vifuu vya nazi, wakaujaza kwenye matenga yaliyotundikwa, wakamimina maji, na yale yaliyochuruzika wakayachemsha kwenye mapipa yaliyokatwa nusu. Hakukuwa na mashine wala mizani. Kulikuwa na kuni, moshi na macho mekundu.

Sharti lilikuwa moja tu. Chumvi ikishatuama, unaichota ikiwa bado ina maji juu yake, na maji yanayobaki unayamwaga kwenye mizizi ya mikoko.

“Maji ya mwisho si yetu,” Bibi alituambia. “Ya wenyewe hayo. Ukiwanyima watakulisha uchungu.” Bibi alikuwa Mmakonde wa ndani kabisa, na kwake mtu alikuwa ntu. Akamtupia mama jicho la pembeni, akamalizia: “Na ntu wa kijicho hawezi kuyamwaga. Nkono unakataa.”

Mama alijua nani anasemwa. Baba alikuwa ameoa mke wa pili, Zuhura, msichana wa upande wa Mikindani, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ilimlazimu baba kuinama kidogo ili amsikie. Mama hakuweza kuvumilia kule kuinama. Mengine yote alisema angeyazoea: zamu za usiku, kanga mpya, hata kile kicheko cha baba ambacho sisi hatukuwahi kukisikia. Lakini alipoona shingo ya baba inashuka, alitoka nje kuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Nami nilitoka naye. Nimerithi kwake wivu kama wengine wanavyorithi mikorosho, na sikatai.

Watu wa mijini husema “roho ya korosho” wakiwa na maana ya roho mbaya. Sisi tunaolima korosho huwa tunajiona tumeonewa, ila mwaka ule nyumbani kwetu msemo ulitutosha.

Mwaka wenyewe shangazi, dada yake baba, alikuwa akimtoa mwali. Chumvi ya karamu ilitoka siku zote kwa baba, na anayeiingiza uani akiwa ameitwika kichwani hupokelewa kwa vigelegele na kuimbwa kwa jina. Tangu nipate akili aliyeimbwa alikuwa mama. Sasa wake walikuwa wawili, na baba, ambaye alikuwa mwoga wa mambo ya nyumbani kuliko wa simba, alikataa kuchagua.

“Atakayetangulia kujaza kikapu chake ndiye apeleke,” alisema, akaenda zake shambani.

Kwa mama haukuwa mchezo. Mwanamke aliyeimbwa miaka yote, kisha akakaa kimya uani huku mwenzake akipigiwa vigelegele, kila mtu angejua kashuka daraja. Angekuwa mke wa zamani.

Meko yao yalikuwa jirani. Mama alichemsha, lakini macho yake yalikuwa kwenye pipa la Zuhura. Zuhura akiongeza kuni, naye anaongeza. Zuhura akiketi kupumzika, mama anasimama. Nilikuwa nabeba kuni mpaka mabega yakachubuka, na sikulalamika, kwa sababu nilitaka tushinde kuliko nilivyotaka kupumzika. Kila nilipompita Zuhura alinambia, “Pole, mwanangu.” Sikumjibu. Mwanao nani?

Siku ya mwisho vikapu vyote viwili vilikuwa vimebakiza kidogo kujaa. Zuhura alichota chumvi yake, akashika pipa kwa matambara, akamwaga maji yaliyobaki kwenye mizizi, taratibu, kama anayemnawisha mgeni mikono.

“Ana mali ya kumwaga, yule,” mama alisema.

Yeye hakumwaga. Alisukuma kuni ndani zaidi, moto ukalamba pipa mpaka juu, maji yakapungua, yakawa uji, yakakauka kabisa. Akakwangua pipa hadi chuma kikalia, akaichanganya na chumvi yote ya kikapuni.

“Mama, hukuwapa wenyewe.”

“Wenyewe walikuwa wapi baba yako alipokwenda kuoa?”

Kikapu cha Zuhura kilibaki na pengo juu. Kikapu cha mama kikajaa kwanza. Kilikuwa cha ukindu mwekundu, kijiji kizima kilikijua. Nilirudi nyumbani nikiruka.

Asubuhi ya karamu Bibi alichota chumvi kidogo kikapuni akaitia kwenye kisamvu chetu. Alionja, akatema nje ya mlango. Akampa mama upawa. Mama alionja, akaenda kikapuni, akatia chumvi yenyewe ulimini, akarudia, kana kwamba mara ya pili ingemwonea huruma. Ilikuwa chungu kama shubiri. Mama akaketi chini, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, na kule kwa shangazi ngoma ilikuwa imeshaanza kulia.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia, akanyanyua kikapu cha mama, akatoka nacho nyuma ya jiko, akarudi nacho kitupu. Kisha akaleta kikapu chake na kuimimina chumvi yake yote, nyeupe, ndani ya ule ukindu mwekundu.

“Dada, jitwishe. Jua linapanda.”

“Sitaki.”

“Utake usitake, wanakisubiri kikapu chako. Changu hawakijui.”

Bibi akakiinua, akakiweka kichwani kwa mama kwa nguvu. Mama akaenda. Aliimbwa, akapigiwa vigelegele, akatunzwa kanga. Nilikuwa nyuma yake, na Zuhura nyuma yangu na mzigo wa kuni. Niligeuka nikamtazama, nikitafuta mdomoni mwake kile kicheko cha mshindi. Sikukiona, na nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo.

Mama naye hakumshukuru. Kiangazi kile chote hakusema naye. Afadhali Zuhura angemcheka. Mama angekuwa na kitu cha kushika. Sasa alikuwa amenyang'anywa hata raha ya kumchukia bila dhamiri kumsuta.

Baadaye nilielewa kwamba maji ya bahari yana machungu yake, ambayo hubaki majini chumvi ikishatuama, na ukikausha mpaka mwisho unayala yote. Wenyewe wa Bibi walikuwa wanadai kile ambacho hakitufai. Lakini Bibi aliona jambo ambalo sikuona kwingine likielezwa vizuri hivyo: kwamba mwenye wivu hawezi kuacha hata uchungu umpite, akidhani ni mali.

Siku hizi naishi Magomeni, mjini, na napikia mtungi wa gesi. Gesi inachimbwa pwani kwetu, bomba linakwenda kuwapikia watu wa mbali, na kijijini bado wanapuliza kuni. Hilo nalo linaniuma, lakini kuna mengi yanayoniuma. Mama amefariki, na baba pia. Aliyebaki ni Zuhura, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto, anaishi kwangu. Wanangu wanamwita Bibi, na kila wanapomwita namsikilizia mama kaburini.

Mwezi uliopita alikuwa anachambua kisamvu, nikamuuliza.

“Mama mdogo, kwa nini ulimpa mama chumvi yako?”

“Nilikuwa na wivu naye mpaka najiogopa.”

“Wivu wa nini? Si baba alikuwa kwako?”

“Baba yako alikuwa wa zamu, leo huku, kesho kule. Wewe ulikuwa wake siku zote. Ukiumia, kwake. Ukiota ndoto mbaya, kwake. Nikikwambia pole unanipita kama mti. Mimi nilikuwa na chumvi tu. Nikasema, basi na hiyo aichukue, labda roho yangu itapoa.”

“Ikapoa?”

“Wapi!” alisema, akaendelea na majani yake.

Sikulala vizuri siku ile. Mama alikufa akiamini kwamba katika nyumba yetu aliyekuwa akiungua ni yeye peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba yule mwembamba, ambaye baba alimwinamia, alikuwa akitamani kila siku kuwa yeye. Namjua mama yangu. Angejifunika uso kwa ncha ya kanga, na humo ndani angecheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka.