Chupa Isiyo na Uzi

Wifi yangu alimnywesha mtoto wake dawa ya mafua ndani ya ndege ili alale, na mtoto alipolegea akasema nimemnywesha mimi kwa sababu sijui kusoma. Huo ndio ubaya niliofanyiwa. Mengine yote yanatoka humo, kama uvundo unavyotoka kwenye ndoo ya nepi iliyofunikwa.

Kusoma sijui kweli, sikatai. Lakini nimelea watoto wa watu miaka kumi na tisa katika chumba changu cha mbele, mama zao wakiwa kazini, na sijawahi kumpa mtoto chupa ya mwenzake. Kila mtoto ana uzi wake. Wa muuza samaki ni mwekundu, wa karani ni mweupe, wa fundi cherehani ni wa kijani. Naufunga kwenye shingo ya chupa ya maziwa, kwenye mpini wa kikombe, kwenye dawa, na kwenye msumari wa kutundikia mfuko wake. Dawa ya mara moja kwa siku fundo moja, ya mara mbili mafundo mawili. Chupa isiyo na uzi haifiki mdomoni mwa mtoto. Hata mama mtu akiileta mwenyewe, kwanza aniambie ni ya nini, nifunge, ndipo nitoe.

Mdogo wangu wa kiume anaujua uzi huo kuliko mtu yeyote. Nilimlea mimi, na daftari zake nilizifunga nyuzi ili nijue ya hesabu ni ipi nikimpangia mkoba. Alikwenda shule na nyuzi zangu mpaka akaota ndevu. Leo anauza vigae, ana duka lenye mlango wa kioo, na mke wake yuko benki.

Wakapata mtoto wa kike, mnene, mikono ina mikunjo utadhani imefungwa uzi. Nikamwita Kibonge. Alipotimiza miezi mitano, wifi akaja kwangu, akasimama mlangoni maana hakutaka kuvua viatu.

"Wifi, tunakwenda likizo. Familia nzima. Na wewe umo."

"Wapi?"

"Mbali. Ndege mbili, saa kumi na saba."

"Na mtoto wa miezi mitano?"

"Ndiyo maana na wewe umo," akasema, akacheka.

Na mimi nikacheka, mjinga mimi. Niliwaomba akina mama wiki mbili, wakanipa kwa moyo mweupe. Jirani yangu mpiga pasi akapaza sauti njia nzima isikie: "Mama Nyuzi anapanda ndege! Usisahau kuifunga uzi na yenyewe, isije ikachanganywa na nyingine!"

Mfuko wa Kibonge niliupanga mwenyewe, kwa uzi wa bluu. Chupa nne za maziwa. Matone ya tumbo, fundo moja. Dawa ya homa, mafundo mawili. Mdogo wangu ndiye aliyenishikia uzi nikiukata kwa meno.

Ndani ya ndege wao walikaa mbele. Mimi na mtoto tuliwekwa nyuma kabisa, ubavuni mwa choo. Kila mlango ulipofunguka, harufu ya mkojo uliochanganywa na manukato ilinipiga usoni. Chakula kilikuja kimefunikwa karatasi, nyama laini kana kwamba mtu mwingine ameshaitafuna. Kibonge akanitapikia, maziwa yaliyokatika yakaingia kifuani mwangu yakakaukia humo. Masikio yalimuuma, akalia mpaka akageuka rangi. Mwanamume wa kiti cha mbele akageuka, akanisonya. Msonyo hauhitaji mkalimani.

Wifi akaja, ananukia mafuta, kitambaa cha kufunika macho kimekaa juu ya paji la uso.

"Wifi, watu wanatutazama. Mnyamazishe."

"Masikio yanamuuma. Mnyonyeshe, akimeza yatazibuka."

"Na hii blauzi?" Kisha akalainika ghafla. "Haya, nipe. Kajinyooshe miguu kidogo."

Nikaenda chooni kuosha kifua. Niliporudi mtoto amenyamaza, anajilamba. Kidevuni ana ute mwekundu unaonata. Nikaupangusa kwa kidole, nikanusa. Utamu wa pipi, na nyuma yake ukali wa dawa.

"Umempa nini?"

"Matone ya tumbo."

"Matone ya tumbo hayana rangi."

"Wifi, mimi ndiye mama yake." Akanirudishia mtoto kama anayerudisha sahani, akaenda kulala.

Kibonge alilala usingizi usio wa mtoto. Nilimtia chupa mdomoni, maziwa yakamwagika pembeni. Nikamkuna nyayo, hakukunja vidole. Nikambeba hadi mbele, nikamwamsha baba yake kwa kumpiga begani. Bahati tulikuwa tunakaribia kutua. Tulishushwa wa kwanza, tukapelekwa chumba cheupe kwa daktari.

Daktari aliuliza kwa lugha ya huko, mdogo wangu akanifasiria: mtoto amekunywa nini? Wifi akapiga magoti, akapekua mfuko wa mtoto huku analia, akatoa chupa ambayo sikuiweka mimi.

"Hii hapa! Dawa yangu ya mafua! Mume wangu, nilikwambia dada yako hajui kusoma. Amechanganya chupa!"

Mdogo wangu akaipokea. Akaigeuza. Dole gumba lake likapita kwenye shingo ya chupa polepole, likitafuta. Nilimwona kwa macho yangu. Shingo ilikuwa tupu. Akanitazama, akaangalia chini, kisha akamwambia daktari maneno kwa lugha yao. Nesi akanikodolea macho kama aliyeona mende kwenye chakula.

"Umemwambia nini?"

"Nimesema ni bahati mbaya, dada."

"Bahati mbaya ya nani?"

Chupa akaitia mfukoni mwa koti.

Kesho yake Kibonge alizinduka akilia njaa, nikamshukuru Mungu. Siku tisa zilizobaki hawakuniruhusu nimshike. Ila nguo zake zilizojaa kinyesi nilifua mimi, kwenye sinki la hoteli. Mikono yenye sumu haishiki mtoto, lakini kinyesi chake inashika! Walipopiga picha kando ya bwawa, meno yote nje, wifi aliniambia, "Sogea kidogo, unaziba maji." Nilisogea. Mpaka leo nikikumbuka nilivyosogea, najitemea mate mwenyewe.

Uongo ulifika nyumbani kabla yetu. Wifi alishauandika kwenye simu, akamtumia karani, wanafanya kazi pamoja. Jumatatu karani akaja kuchukua mfuko wake msumarini.

"Si kwamba nakudhania vibaya, mama. Ila mtoto, unajua."

"Najua."

Wengine hawakusema hata hilo. Muuza samaki alimtuma dada yake. Kufika Ijumaa, kati ya misumari sita, mmoja tu ulikuwa na mfuko, wa uzi wa kijani. Fundi cherehani alisema, "Wangu wa kwanza umemlea, huyu unamlea. Ningekuwa na wa tatu ningekuletea." Ndiye anayeniandikia haya.

Jumamosi mdogo wangu akaja na bati la biskuti za ugenini. Akaliweka mezani.

"Chupa iko wapi?" nikamuuliza.

"Chupa gani, dada?"

"Dole gumba lako linaijua."

Akaangalia misumari ukutani, mmoja mmoja. "Nikisema ukweli, nyumba yangu inavunjika."

"Na hii yangu?"

"Si mtoto mzima? Tuyaache yapite."

Huyu nilimfuta kamasi kwa kanga yangu, na sasa ananipa biskuti nizibe mdomo! "Chukua bati lako utoke," nikamwambia. Alilichukua. Hata hilo alilichukua.

Wifi simdai kitu. Nzi hadaiwi asali. Ninayemdai ni mdogo wangu. Anadaiwa asubuhi moja tu: asimame mlangoni pangu saa ambayo akina mama wanapita kwenda kazini, aitoe ile chupa kwenye koti, aseme kwa mdomo wake, mbele ya karani na mbele ya muuza samaki, kwamba aliishika siku ile na haikuwa na uzi.

Hajaja. Misumari mitano iko wazi, na nyuzi zake sijazifungua.