Nilivyozua Matanga ili Nipake Salon

Kitu cha kwanza cha kijinga nilichofanya asubuhi ile ni kumwambia fundi wa rangi kwamba kwetu kuna matanga. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi, manukato yake yamemtangulia kuingia, amevaa miwani ya jua ingawa jua lenyewe lilikuwa halijaamka vizuri. Nilikuwa peke yangu nyumbani na nilitaka aondoke. Mdomo wangu, ambao siku ya mtihani hutafuta jibu mpaka kengele ikalia, safari hii haukuhangaika.

"Tonton, leo hatupakale. Tuko na matanga," nilisema; kwetu fundi yeyote ni tonton, mjomba.

"Eh! Nani?"

"Grand-père. Ule wa Yahuma."

Naomba nieleweke: sikumuua mtu. Babu yangu wa Yahuma, baba yake mama, alikufa zamani, tukamzika, tukalia, tukanyamaza. Nilimchagua marehemu kwa makusudi, maana kumtaja mtu aliye hai ningemwitia balaa. Nikajiona nina akili. Fundi alivua miwani, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Pole, mwanangu. Kaza roho." Akapanda baiskeli yake, akaenda.

Kosa lilianza jana yake, mezani. Jumapili, wazazi wa kijana anayemtaka dada yangu walikuwa waje kwetu kwa mara ya kwanza, na salon yetu, yaani sebule, haikuwa ya kuonyesha watu. Ukuta ulipakwa chokaa kabla sijazaliwa. Ukiuegemea unaondoka na mgongo mweupe. Mama alikuwa akiwaona wakwe wakirudi kwao wamevaa nusu ya nyumba yetu. Rangi alishainunua. Swali lilikuwa nani aipake.

"Mutoto iko na mikono na iko na congé," alisema papa, maana shule zilikuwa likizo. "Apakale yeye."

"Huyu?" Mama hakunitazama hata. "Huyu hamalizi hata sahani ya pondu. Wakwe wakute nusu ya ukuta? Tuite peintre."

"Bon," alisema papa, na kwetu papa akisema bon, mama ameshinda.

Walinijadili mbele yangu kana kwamba ukuta ni mimi. Nilicheka, kama kawaida yangu, nikamwomba dada aninunulie taji la mfalme wa wasiomaliza. Lakini lile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi papa alivuka mto kwa pirogi, yaani mtumbwi, kwenda Lubunga, kwenye kazi yake ya reli, mama na dada wakaenda sokoni kwenye meza ya vitambaa, nami nikabaki kumfungulia fundi mlango. Nimeshawaambia nilivyomfungulia.

Mpango ulikuwa mwepesi: wakirudi, wakute salon inang'aa, na mama ameze sahani yake ya pondu na sufuria yake.

Nikasukuma viti nje, nikapanda juu ya meza, nikachovya rouleau, ile brashi ya kuviringisha, kwenye rangi. Mstari wa kwanza ulitoka mzuri, kijani kibichi kama jani la ndizi. Nikaupigia mluzi. Nilipopitisha rouleau mara ya pili, ukuta ukaja nayo. Ile chokaa ya miaka yote ililowa, ikabanduka, ikajizungusha kwenye rouleau kama fufu kwenye mwiko. Kadiri nilivyobonyeza ndivyo ilivyozidi kuvuliwa. Jana yake jioni, fundi alipoitwa kuangalia kazi, alisema chokaa lazima ikwanguliwe yote kwanza. Mimi nilidhani anatafuta siku za ziada za kula kwetu.

Basi nikachukua kisu cha jikoni, nikaanza kukwangua. Vumbi likajaa puani, machoni, kwenye nywele. Hapa udongo ulitoka, pale chokaa iligoma, na kule juu ule mstari wa kijani ulianza kutiririka kama machozi. Jua likapanda, likageuka, likaanza kuingia kwa dirisha la nyuma. Sikula. Nilikuwa sicheki tena. Nilipaka, nikakwangua, nikapaka tena juu ya vumbi, na kila nilipogeuka kutazama nilikuwa nimezidi kuharibu.

Ndipo nikasikia viti.

Viti vya plastiki vina mlio wao vikipangwa uani, na mtoto yeyote wa Kisangani anaujua. Nikachungulia. Fundi alikuwa anashusha rundo la viti kutoka kwenye baiskeli, amevaa shati jeusi. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba kwaya inayokwenda kila matanga, na kwamba mdomo wake hauna mlango. Mtaa mzima ulishajua. Akina mama wawili wa jirani walikuwa wanatandika mkeka. Mwingine alikuwa anawasha moto.

"Tonton," nilisema kwa dirisha, "mama iko wapi?"

"Usiogope. Bamama walishaenda kumuchukua kule soko."

Kwetu mtu hapewi habari ya kifo njiani. Wanakuja, wanakupokea mizigo, wanakushika mkono huku na huku, wanakutembeza polepole, na hawasemi kitu mpaka ukae chini nyumbani kwako. Ni heshima. Dada, aliyekuwa naye, alinieleza baadaye njia ile ilivyokuwa. Mama aliuliza, "Ni nani?" Hawakujibu. Akauliza, "Ni mutoto?" Wakasema, "Tembea tu, mama." Stima ilikuwa imekatika tangu jana, simu yake imezima. Walipofika mahali mto unapoonekana kati ya nyumba, umejaa maji ya mvua, mama alisimama akautazama. Akasema, "Pirogi," neno hilo moja, na tangu hapo hakuuliza tena.

Mimi nilimwona akiingia. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka na mtu mwingine alikuwa amekishika. Aliniona juu ya meza, mweupe kama mzimu, kisu mkono mmoja, rouleau mkono mwingine. Akajua walau mimi ni mzima. Akafunga mlango nyuma yake.

"Papa yako iko wapi?"

"Kazini, mama. Hakuna mutu alikufa."

"Papa yako iko wapi?"

"Ni mimi nilisema. Nilimuambia peintre, eti ni grand-père."

"Grand-père gani?"

"Ule wa Yahuma."

"Ule tulizika?"

"Ndiyo, mama."

Siku nyingine yoyote hapo ndipo ningechekesha nyumba. Nilimtazama usoni, na utani wote uliniishia. Alitoa mkono dirishani, akamwomba fundi simu yake. Ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Ikalia mpaka mwisho. Mara ya tatu sauti ya papa ikatoka, kubwa, vyuma vinagonga nyuma yake, anauliza kama kuna samaki jioni.

"Iko," mama alisema. "Rudia nyumbani mapema." Akakaa juu ya ndoo ya rangi. Simu ikamponyoka, akaiacha sakafuni.

Kisha alifunga kitambaa chake, akafungua mlango, akawaambia wale waliokuwa uani, "Habari ilikosea njia, bamama. Asante sana. Endeni tu nyumbani." Hakuwaambia ni nani aliyeikosesha. Fundi aliingiza kichwa, akautazama ukuta, akaupitishia kiganja, akasema hiyo sasa imekuwa kazi mara mbili. Mama akamwambia aje kesho mapema.

Viti vilipoondoka alinigeukia. Nilikuwa nasubiri fimbo, nasubiri kelele. Alisema taratibu:

"Kesho peintre atapakala ukuta. Weye utazunguka avenue yote, kwa kila mama mwenye alinishika mukono leo, utamuambia hakuna mutu alikufa, na ni weye ulisema. Na usichekeshe hata mumoja."