Aliyeanguka Abebe Ndoo

Mimi sikulelewa kuanguka. Nimekulia Mamba, na kule kwetu mpunga ukishavunwa majaruba yanabaki wazi, yamejaa mabua makavu. Sisi watoto tulipigana mieleka humo kila jioni kabla ya kwenda kuchota maji. Sheria ilikuwa moja tu: mgongo wako ukigusa chini, wewe ndiye unabeba ndoo. Nilikuwa napambana na kaka yangu niliyemfuata kuzaliwa, na nilikuwa namwangusha. Sijisifu, muulizeni mtu yeyote wa rika letu. Wavulana wenzake walimcheka mpaka mbavu ziwaume, eti dume zima linabeba maji na mdogo wake wa kike anatembea mikono mitupu. Yeye anatabasamu tu, anajitwisha.

Sasa nina duka la vitenge hapa Majengo na mwili wa mama mtu mzima, na binti yangu kaniingiza kwenye judo. Kundi lao lilikuwa na wasichana wawili tu. Mwenzake alipohamia Kibaoni na wazazi wake, mwalimu akasema bila mwenzake wa kike wa kusimama naye, mtihani wa mkanda wa njano hataufanya. Wavulana waliobaki ni mapande ya watu. Mtoto akalia, akasusa na chakula. Nikamwambia, hebu nyamaza huko, mama yako kakulia kwenye mieleka, nitasimama mimi.

Mazoezi wanafanyia nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa mbao, ukajazwa pumba na kufunikwa turubai. Nilipovua kandambili nikakanyaga, harufu ya pumba ikapanda, nikawa kama niko Mamba kabisa. Nilitamani kulia kwa jinsi nilivyopakumbuka. Nikatanua miguu, nikainama kidogo kama zamani, nikajiona nimefika kwetu.

Mwalimu akasema kitu cha kwanza ni kuanguka. Kidevu kifuani, pumzi nje, na mkono mzima upige turubai ili mgongo usipokee kishindo chote. Nikamwambia, mwalimu, mimi nimekuja kusimama.

"Mama, ili binti afaulu lazima akuangushe," akasema. "Na wewe huangushiki."

"Ndiyo hivyo," nikamjibu, kiburi kimenijaa mpaka kooni.

Basi cha moto nilikiona. Binti akinivuta, miguu inajikita yenyewe. Akinizungusha, mwili unakakamaa, na nikizidiwa natanguliza kiganja chini. Kifundo cha mkono kikavimba, nikawa nauza vitenge kwa mkono mmoja, na wateja wananiuliza kama nimepigwa na mume. Jioni moja tukirudi nyumbani binti akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, unanizuia. Nikifeli ni kwa sababu yako." Iliniuma, maana ni kweli. Kichwa changu kilishakubali kuanguka. Miguu ndiyo ilikuwa bado inaogopa ndoo.

Mtihani ulipokaribia kabisa, nilichoka kubishana na miguu yangu. Binti akanishika ukosi na mkono wa koti la judo, akaingia chini yangu, na mimi nikamwachia. Nikapaa. Mkono ukapiga turubai, paa, mgongo ukafuata, wala sikuumia popote. Binti anarukaruka, mwalimu anapiga makofi, mimi nimelala vilevile naangalia juu.

Ule mlio niliujua. Ni mlio wa mkono kwenye mabua ya mpunga, halafu kaka yangu amelala chali, kidevu kakibana kifuani, anacheka. Kila jioni ulikuwa uleule. Mtu aliyeangushwa kwelikweli anaanguka kama nilivyokuwa naanguka mimi, kiganja mbele na mdomo wazi. Kaka alikuwa anajua ataanguka hata kabla sijamshika.

Nilimpigia simu palepale, miguu peku. Bado analima mpunga Mamba. Nikamuuliza, "Kaka, ulikuwa unaanguka makusudi?"

"Siku ya kwanza nilikuangusha," akasema. "Ukanuna, ukajifungia ndani, hutaki tena kucheza. Sasa mimi ningecheza na nani?" Halafu akaniuliza bei ya mchele mjini, kama vile hajasema kitu.

Binti alifaulu. Nilimwangukia mbele ya watu wote, kila mara mwalimu aliposema tena. Tukirudi nyumbani yeye alitangulia, mkanda mpya kiunoni, anaimba, na mimi nyuma nimebeba begi lake. Nikamkumbuka kaka na ile ndoo, maji yanamwagika mpaka mabegani na wenzake wanamzomea. Mimi nilikuwa mbele yake naimba, na sikugeuka hata mara moja kumtazama.