Chui wa Jioni ya Tatu

Saa moja asubuhi, mwanamume wa miaka arobaini na sita amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, anasugua chumvi ya mawe kwenye ngozi ya nyati. Anaanza shingoni, anashuka miguuni, kisha anarudi masikioni. Sikio likikosa chumvi, manyoya hunyonyoka, na mgeni aliyevuka bahari kuja kumwinda mnyama huyo hataki kusikia la mtu.

Kwenye kambi hii ya uwindaji wanamwita Macho. Kwa miaka kumi na saba alikuwa msoma nyayo, mtu anayetangulia mbele ya bunduki za wageni.

"Unyayo wa jana na wa leo nilikuwa nautofautisha nikiwa juu ya gari," anasema, na hapo ndipo anapotabasamu kidogo.

Leo hatangulii popote. Huu ni mwaka wa sita yuko kwenye chumba hiki cha ngozi, kwa nusu ya mshahara wake wa zamani. Hakushushwa cheo na mtu. Aliomba mwenyewe.

Ulikuwa mwisho wa msimu wa uwindaji, mwaka ule alioomba. Mgeni alikuwa na leseni ya chui dume mmoja, na siku zake zilikuwa zinakwisha. Macho alitundika paja la pundamilia mtini liwe chambo, na asubuhi mbili mfululizo alikuta chini yake nyayo pana za dume. Jioni ya tatu alijibanza na mgeni kwenye kibanda cha majani. Mle ndani hakuna maneno. Msoma nyayo akigusa bega, mgeni anafyatua.

"Chui akapanda, mkia umeziba nyuma," anasimulia. "Kanuni ni kungoja ageuke, uone kama ni dume. Sikungoja. Nyayo si nilishaziona? Nikajua ni yuleyule. Nikagusa bega."

Ilitosha risasi moja. Mgeni alimkumbatia, picha zikapigwa. Kisha mnyama akalazwa kwenye meza ya mchunaji, ambaye ni kaka wa mke wa Macho.

"Alichana kidogo tu, akasimama. Akaniambia, 'Shemeji, huyu jike. Tena ananyonyesha.' Kisu kilikuwa kimelowa maziwa."

Kampuni ilipigwa faini, mgeni akaenda zake. Macho alirudi porini kuwatafuta watoto wa chui huyo. Siku ya kwanza aliona kando ya mwamba nyayo za wawili, ndogo kama vizibo vya soda. Siku ya nne aliona za mmoja. Siku ya sita hakuona kitu.

"Nafika nyumbani, namkuta mama watoto anamnyonyesha binti yetu, ana mwezi mmoja. Nikatoka nje. Ningetazamaje?"

Nyumbani kwake, vyumba viwili nyuma ya karakana ya magari, mkewe anajaribu kuupunguza uzito wa mambo. "Niliolewa na msoma nyayo, siku hizi nalala na samaki ng'onda," anatania, huku akizikung'uta chumvi suruali za mumewe. Kisha anaacha utani. "Nimemwambia maji yakimwagika hayazoleki. Anaitikia tu, lakini hanisikii. Na huyu mtoto ameanza shule. Nusu mshahara haitufikishi popote."

Wiki hii bosi amemwomba Macho arudi kwenye kazi yake ya zamani, kwa mshahara kamili. Msoma nyayo aliyekuwepo ameacha kazi, na mgeni wa chui anafika Jumatatu.

Macho amekubali. Anasema akikataa, ataletwa mtu mwenye haraka kuliko yeye. Ila kuna jambo ambalo hajamwambia bosi.

"Nikiwa na shaka hata chembe, nitakohoa," anasema, akijifuta chumvi viganjani. "Chui ataruka atokomee. Mgeni atanitukana, na bosi atanifukuza siku hiyohiyo, hata chumba hiki sitakiona tena. Nilimweleza mama watoto yote hayo, nikadhani atanikatalia."

Akajibu nini?

"Alisema, 'Kohoa, baba.'"